Hali ya Ndimu kwa Mujibu wa Doña Amparo

Kila Jumanne kabla ya saa nne asubuhi, Doña Amparo Leal aliutangazia ulimwengu hali ya ndimu. Ulimwengu wenyewe ulikuwa wanunuzi mia tatu na ushee wa Houston, Dallas, Chicago na miji mingine yenye baridi ambako hata kitunguu hakioti bila kubembelezwa, lakini yeye aliuita ulimwengu, na sisi wa Pharr, mji wetu wa mpakani Texas, hatukuona sababu ya kumbishia. Waraka wake ulikuwa ukurasa mmoja. Juu ndimu, chini maembe, katikati hali ya hewa ya Veracruz zinakotoka ndimu, na mwishoni jina lake kamili kwa herufi nzito, utadhani ndiye aliyeiotesha hiyo miti.

Kazi hiyo aliianza miaka ishirini na miwili iliyopita, kwa sababu mzee Cavazos, mwenye ghala, alikuwa bingwa wa kuuza ndimu lakini akishika kalamu mkono unamtetemeka kama anachomwa sindano. Alimwomba karani wake awaandikie wanunuzi mistari miwili tu, kuwajulisha malori yamevuka daraja. Amparo akaandika mistari arobaini. Mzee aliisoma yote, akavua kofia, na tangu siku hiyo hakuandika tena kitu chochote mpaka alipofariki na kumwachia ghala mwanawe Rogelio.

Lugha ya waraka ilikuwa ya Amparo peke yake. Kwake soko halikuwahi kuwa zuri wala baya. Lilikuwa limetulia, au limekaza, au linanesanesa, na mwaka ule wa baridi kali, maua yalipopukutika Veracruz nzima, lilikuwa "limeshika kiuno". Wanunuzi wa Chicago, watu wazima wenye wake na magari, walipigiana simu kuulizana kama soko lililoshika kiuno linanunuliwa au linaachwa. Maembe aliyapa mistari michache tu. Embe, alisema, ni tunda lenye maringo: lina msimu wake, likija limekuja, likiondoka limeondoka, na wewe huna la kusema. Ndimu ndiyo yenye vituko. Ipo mwaka mzima, na mwaka mzima inawatoa watu jasho.

Basi, Jumatano ya Majivu ya mwaka huu ninaousimulia, Rogelio alimwita ofisini. Alikuwa ametoka kanisani na alama ya jivu bado iko kwenye paji la uso.

"Doña, kaa kwanza."

"Nikikaa utaniambia jambo baya. Sema nikiwa nimesimama."

"Si baya. Nimenunua programu ya kompyuta. Yenyewe inabashiri bei ya ndimu. Unaiwasha, unakunywa kahawa, ukirudi imeshamaliza."

"Na mimi ninywe kahawa mpaka lini?"

Rogelio akajifuta paji la uso bila kufikiri, jivu likahamia kwenye nyusi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu na ule ugonjwa wa wenye ghala wa kizazi chake, wa kununua kitu kila wanapotoka mkutanoni.

"Mpaka Pasaka," akasema. "Wewe utabashiri, na yenyewe itabashiri. Jumanne ya Juma Takatifu kila mmoja ataje bei ya ndimu za mia mbili siku ya Ijumaa Kuu. Atakayekaribia zaidi ndiye atakayeandika waraka."

Ndimu za mia mbili ni zile ambazo mia mbili zinajaza katoni moja, saizi ambayo kila mtu anaitaka.

"Na nikishindwa?"

"Kuna nafasi kule kwa makreti matupu. Yanahitaji mtu makini wa kuyahesabu."

Doña Amparo alitoka pale shingo imenyooka. Moyoni aliogopa, na nasema hivyo waziwazi kwa sababu mwenyewe hakumwambia mtu. Alikuwa mjane wa miaka sitini na moja. Binti yake aliyeolewa Tulsa alikuwa ameshamwandalia chumba na pazia la kijani, na kule Tulsa, alivyosikia, watu wananunua ndimu moja moja. Bila ule waraka angekuwa mama yeyote tu anayemsubiri mjukuu atoke shule. Kwa ule waraka alikuwa mtu ambaye Chicago ilimsubiri.

Akaamua ataushinda huo mtambo kwa njia zake mwenyewe. Njia zenyewe zilikuwa mbili, ingawa kwenye waraka alipenda kuandika "vyanzo vyetu mbalimbali".

Ya kwanza ilikuwa binamu yake Filiberto, anayefanya kazi kwenye banda la kupakia ndimu kule Martínez de la Torre, Veracruz. Alimpigia kila Jumatatu. Sasa, Filiberto alikuwa mtu wa ndimu, na mtu wa ndimu hawezi kukiri kwamba ndimu zipo. Anaamini akikiri tu, bei itamsikia na kushuka. Kwa hiyo Amparo alijifunza kumtafsiri. Filiberto akisema "hakuna kitu, binamu", maana yake zimejaa. Akisema "zipo, zipo", hapo ndipo pa kuogopa, kwa sababu anajikaza kiume. Asipopokea simu, wanachuma.

Njia ya pili ilikuwa siri ambayo hakuwahi kumwambia hata padri. Mkabala na ghala, ng'ambo ya barabara, kulikuwa na kibanda cha taco, vile vichapati vya mahindi vinavyokunjwa na samaki au nyama ndani, cha Don Nabor Zúñiga, compadre wake, kwa maana Amparo ndiye aliyemsimamia binti yake Yesenia ubatizo. Kwetu ndimu ya kukamulia taco haiuzwi. Inawekwa kwenye bakuli mezani, unachukua unavyotaka, na mwenye kibanda akithubutu kukutoza ndimu, unakihama kibanda na unawaambia wengine wakihame. Bei ikipanda, mwenye kibanda anabaki na silaha moja tu: kisu. Kiangazi, ndimu zinapomwagika, Nabor alikata moja vipande vinne. Zikianza kupanda, sita. Zikipanda sana, nane. Mwaka ule wa soko kushika kiuno alikata vipande vyembamba mno, ungeweza kusoma gazeti kupitia kwavyo. Kila Alhamisi Amparo aliagiza taco mbili za samaki, akala polepole, na chini ya meza, ndani ya mkoba, akaandika idadi ya vipande kwenye kidaftari. Kwa miaka ishirini na miwili bakuli la Nabor halikumdanganya hata mara moja.

Kwaresima ikaanza. Wakati huo kwetu si wa mchezo. Watu wanaacha nyama, mji mzima unahamia kwa samaki na kamba, na kamba bila ndimu ni adhabu, si chakula. Jumanne ya kwanza Amparo aliandika sentensi ambayo alikuwa ameiandika kila mwaka bila kuifikiria, kama mtu anavyosema habari za asubuhi: "Kwaresima imeingia, ndimu huenda zikapungua."

Alhamisi akaenda kwa Nabor. Vipande vilikuwa sita.

Aliacha kutafuna. Wiki iliyotangulia vilikuwa vinne. Akavihesabu tena, akavipanga kwenye sahani mpaka vikaunda ndimu nzima, na ndimu nzima ilikuwa vipande sita. Jumanne iliyofuata akaandika: "Ndimu zimeanza kupungua. Soko linakaza."

Alhamisi vipande vikawa nane. Akaandika: "Upungufu umethibitika."

Alhamisi ya tatu bakuli halikuwepo mezani. Nabor alikuwa amelipakata kama mtoto mchanga, anapita meza kwa meza na kibanio, na kila taco inapata kipande kimoja, akikitoa huku anatazama pembeni kwa aibu. Amparo akarudi ofisini mbio mbio na kuandika, tayari kwa Jumanne, sentensi iliyowatoa usingizini watu wa majimbo manne: "Wenye kuhitaji ndimu Juma Takatifu wajipange mapema."

Walijipanga. Katoni iliyokuwa dola ishirini na mbili ikawa thelathini, ikawa arobaini na nne. Simu haikutulia. Prudencio Salas, mnunuzi wa Houston, mtu mnene mwenye sauti nyembamba, alipiga mara tatu kwa siku moja.

"Doña, niambie kama dada yangu. Ninunue au nisinunue?"

"Mimi naandika hali, Prudencio. Siwanunulii watu."

"Nimenunua lori tatu."

"Basi kwa nini unaniuliza?"

"Nataka unitulize."

Mtambo nao ulikuwa unapanda vilevile. Kila Jumatano Rogelio alikuja na karatasi yake, anacheka. "Mnakwenda sambamba, Doña. Wewe ukisema inapanda, kesho yake nayo inasema inapanda." Amparo aliuchukia ule mtambo kwa roho yake yote, lakini ilibidi akubali kwamba angalau una akili.

Kitu kimoja tu hakikukaa sawa. Kila Jumatatu Filiberto alijibu vilevile: "Hakuna kitu, binamu. Hakuna kitu kabisa." Kwa tafsiri ya siku zote, hiyo ilimaanisha ndimu zimejaa hadi mlangoni. Lakini mtu akishaamua jambo lake, masikio yake humtii. Doña Amparo alilitafakari, akahitimisha kwamba Filiberto, akiwa na umri wa miaka hamsini na minane, ameanza kusema ukweli, pengine kwa ajili ya Kwaresima. Alifurahi hata kumwombea.

Jumamosi ya kuamkia Jumapili ya Matawi alikwenda kibandani, na pale mezani, mahali pa bakuli, akakuta chupa ya siki.

Aliishika ile chupa, akaigeuza, akairudisha. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: akamwita Nabor akae.

"Compadre, ndimu ziko wapi?"

"Tumia siki, comadre. Siki nzuri kwa presha."

"Mimi sina presha."

"Utakuwa nayo ukisikia bei."

"Nabor, nisikilize. Nakuuliza swali la kikazi na hutamwambia mtu. Wewe umejuaje mapema hivi kwamba ndimu zinaisha? Nani anakwambia? Dereva? Mtu wa forodha?"

Nabor akamtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mgonjwa aliyesahau jina la mkewe.

"Comadre," akasema taratibu. "Si ni wewe?"

"Mimi nini?"

"Wewe ndiye unaniambia."

Akainuka kwa shida, akashika goti, akaenda nyuma ya jiko na kurudi na karatasi zilizobanwa kwa kibanio cha nguo. Zilikuwa nyaraka zote za Amparo tangu Januari, zimechapwa, zimepigiwa mistari kwa kalamu nyekundu, na nyingine zina mafuta ya samaki.

"Zamani nilikuwa navuka barabara kuuliza bei ghalani," Nabor akaeleza. "Sasa na hili goti nitavuka vipi? Mwaka mpya Yesenia akaniandikisha. Kila Jumanne inaingia kwenye simu yake, ananichapia. Nikamwambia, mwanangu, nilikuwa mjinga miaka yote hii. Kwa nini nimuulize mbeba katoni, na comadre wangu mwenyewe ndiye bingwa?"

"Kwa hiyo ulipokata sita..."

"Uliandika huenda zikapungua. Nikapunguza."

"Na nane?"

"Uliandika soko linakaza. Nikakaza na mimi."

Amparo akataka kunyoosha miguu chini ya meza, ikagonga kitu kigumu. Akainama. Kulikuwa na magunia manne ya ndimu mbichi zinazong'aa.

"Na haya?"

"Akiba," akasema Nabor, sauti ikishuka. "Hilo neno 'umethibitika', comadre, linatisha. Nilijisemea, huyu lazima ameona kwa macho yake."

"Niliona kwa macho yangu."

"Uliona nini?"

"Bakuli lako."

Samaki wakaungua jikoni na hakuna aliyewajali.

"Kwa hiyo mimi nilikuwa nakusoma wewe," akasema Nabor, akihesabu kwa vidole, "na wewe ulikuwa unanisoma mimi."

"Ndivyo."

"Sasa ndimu zenyewe?"

"Hakuna aliyeziuliza."

Alitoka pale bila kula na akampigia Filiberto akiwa barabarani, jua limemsimamia utosini.

"Filiberto, kuna ndimu?"

"Hakuna kitu, binamu."

"Nakuuliza kwa kaburi la bibi Eduviges."

Kwa mbali jogoo aliwika upande wa Veracruz.

"Sasa bibi anaingiaje humu?"

"Jibu."

"Zimejaa," Filiberto akasema kwa sauti ya mtu anayeungama. "Zimejaa mpaka matawi yamelala chini. Wenye mashamba wamezizuia mitini. Kila wiki bei inapanda huko kwenu, nani achume leo auze rahisi? Kuna mama mmoja Texas anaandika karatasi, hapa kila mtu anaisoma. Anasema zitazidi kupanda."

"Huyo mama ni mimi."

"Wewe?" Filiberto akapumua kwenye simu. "Mimi nilijua wewe ni karani."

"Miaka ishirini na miwili nakupigia kila Jumatatu kukuuliza ndimu. Ulidhani nauliza za nini?"

"Nilidhani umekumbuka nyumbani."

Jumatatu asubuhi aliingia ofisini kwa Rogelio bila kubisha hodi. Akausogelea ule mtambo, uliokuwa unawaka taa yake ndogo ya bluu kwa kiburi.

"Hiki kidude chako kinakula nini?"

"Hakili, Doña. Ni kompyuta."

"Habari za ndimu kinazitoa wapi?"

Rogelio hakuwahi kujiuliza. Akabofya hapa, akabofya pale, ukatokea ukurasa wa vyanzo. Kulikuwa na mvua ya Veracruz, asilimia nne. Kulikuwa na thamani ya peso, asilimia tano. Na chini yake, asilimia tisini na moja, jina la Doña Amparo Leal kwa herufi nzito.

Wote wawili waliitazama ile namba. Rogelio akasema, kwa unyonge, kwamba muuzaji alimhakikishia kuwa mtambo unatumia vyanzo bora zaidi vilivyopo.

Doña Amparo akaenda kukaa mezani kwake, na hapo ndipo jambo lenyewe lilipomwingia sawasawa. Angeandika sitini, Ijumaa ingekuwa sitini. Angeandika themanini, watu wangelia lakini wangelipa themanini. Hakuna mtambo ambao ungemshinda, kwa sababu mtambo ulikuwa yeye, na Nabor alikuwa yeye, na wenye mashamba wa Veracruz waliokaa chini ya miti yao wakisubiri walikuwa yeye. Angeweza kuandika namba yoyote ile kesho, akaubakiza waraka wake, na hakuna mtu hata mmoja chini ya jua ambaye angejua. Siku hiyo moja ndimu zote za Amerika ya Kaskazini zilikuwa mkononi mwake, na hakukipenda kabisa hicho cheo.

Kilichomuuma hakikuwa kukosea. Katika soko hili kila mtu amekosea, wengine kabla ya kifungua kinywa. Kilichomuuma ni kwamba wiki tano nzima alikuwa anazungumza peke yake, na kila alipojijibu, alishangaa jinsi alivyo na akili. Alilia kidogo, akafuta miwani kwa upindo wa blauzi.

Jumanne akapiga moyo konde, akaandika:

"Ndimu: zipo. Zimejaa mitini. Aliyesema zimepungua ni mimi, na sikuwa nimeziangalia. Bei ya haki ya Ijumaa Kuu ni dola ishirini. Msinunue kwa hofu. Maembe: yale madogo ya njano yameanza kutoka Chiapas, ni matamu."

Jina lake aliliandika kwa herufi ndogo. Simu ya kwanza ikaingia dakika sita baadaye.

"Doña," akasema Prudencio Salas, na sauti yake ilikuwa imejaa heshima. "Nakuvulia kofia. Wewe ni kiboko."

"Nimeandika ukweli, Prudencio."

"Ndiyo, ndiyo. Mtu wa ghala anaandika ndimu zimejaa, msinunue, sisi tunakaa, halafu ghala lenu linazoa zote. Miaka kumi na tano nakusoma, sijawahi kuona ujanja mtamu kama huu. Nimeongeza lori mbili."

"Prudencio, naapa kwa mume wangu."

"Apumzike kwa amani. Nimeongeza lori mbili."

Simu kama hizo zilikuwa ishirini na tatu kufikia saa sita. Alipotazama bakuli na kuandika "umethibitika", walimwamini bila swali. Alipowaambia kitu alichokuwa na hakika nacho, walimwona laghai, tena wakampongeza. Nabor peke yake ndiye aliyeamini. Kwa aibu akayatoa magunia yake yote manne, akakata ndimu nusu kwa nusu na kujaza bakuli mpaka zikamwagika mezani. Wateja walizitazama kwa mashaka. Mmoja akauliza kama zimeoza.

Aliamini Nabor, na ule mtambo. Mtambo haujui kumdhania mtu ubaya. Ulisoma waraka, ukawasha taa yake ya bluu, ukabashiri dola ishirini kamili.

Ijumaa Kuu ndimu za mia mbili ziliuzwa dola sitini na moja.

"Mmekosea wote wawili," akasema Rogelio, akitazama karatasi mbili zinazofanana, "na mmekosea sawasawa. Sasa mimi nifanyeje?"

Jumatatu ya Pasaka jibu likaja lenyewe, juu ya magurudumu. Sikukuu imepita, wenye mashamba wakaona hakuna tena cha kusubiri, wakachuma zote kwa pamoja. Malori yalijipanga kutoka getini kwetu, yakarudi nyuma daraja zima mpaka ng'ambo ya mto. Ndimu zilizokaa mtini kupita siku zake zilikuwa zinaanza kupiga njano. Katoni ikashuka ikawa dola kumi na mbili, ikawa tisa. Mchana Nabor alitembelewa na mtu mnene kutoka Houston aliyetaka kumpa ndimu lori zima kwa bei ya urafiki. Kisha mtu huyo akavuka barabara na kusimama mbele ya meza ya Amparo.

"Ungetuambia, Doña," akasema Prudencio, na alikuwa ameumia kwelikweli.

"Niliwaandikia."

"Ungeandika kwa namna ya kuaminika."

Kesho yake ilikuwa Jumanne. Saa tatu na nusu Rogelio akaja mwenyewe na kikombe cha kahawa, akakiweka mbele ya Amparo, jambo ambalo hata baba yake hakuwahi kulifanya.

"Andika, Doña. Waraka ni wako. Mtambo umekaa tu, unasema unasubiri taarifa mpya."

Akanywa funda moja la kahawa, kwa furaha. Akaweka vidole juu ya vitufe. Kupitia dirishani aliona ng'ambo ya barabara Nabor amesimama na kisu juu ya ndimu, anatazama upande wake, asiye na haraka. Simu ilikuwa inawaka. Chicago ilisubiri. Huko Veracruz walisubiri. Akatafuta la kuandika, akatafuta tena, na akagundua kwamba kila mahali alipozoea kuchungulia, kulikuwa na mtu anamchungulia yeye.

Akaandika: "Ndimu za wiki zijazo: sijui." Akabonyeza, ukaenda.

"Doña," akasema Rogelio, uso umempauka. "Watu mia tatu wamesoma hilo neno sasa hivi."

"Wamesoma. Na sasa naomba wiki moja na nauli ya basi. Sijawahi kuyaona mashamba yenyewe, Rogelio. Hata siku moja."

"Miaka yote hii?"

"Hakuna aliyeniuliza."

Basi lilimchukua mchana kutwa na usiku kucha, na kiuno chake kilishika kuliko soko lolote alilowahi kuliandika. Filiberto alimpokea kituoni, amevaa shati la sikukuu, akampeleka moja kwa moja shambani kama alivyotaka, bila hata kumpa nafasi ya kunawa uso. Miti ilikuwa imechumwa, mingi haina hata ndimu moja. Lakini ilikuwa imechanua upya, maua madogo meupe yamejaa mpaka kwenye ncha za matawi, na nyuki wanavuma kila upande.

Doña Amparo alisimama chini ya mti wa kwanza. Alikuwa na haya, kama mtu anayekutanishwa uso kwa uso na mtu aliyemsema miaka mingi.

"Haya ni ya lini?" akauliza.

"Agosti," akasema Filiberto. "Upepo ukiyaacha."

"Na upepo hauyaachi?"

"Mimi sijui, binamu. Hapa hakuna anayejua."

Akatoa kidaftari kwenye mkoba, akachagua tawi moja lililokuwa usawa wa macho yake, akaanza kuhesabu maua. Akapata sitini na tatu. Akayahesabu tena kuanzia upande wa pili, akapata hamsini na tisa. Akaandika namba zote mbili.